Fedha, Uwekezaji na Pensheni kwa Mtu wa Kilimanjaro Anayeishi Ughaibuni: Mwongozo Kamili

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Machame au Marangu, utaziona katikati ya migomba nyumba kubwa nzuri zenye madirisha yaliyofungwa na geti lenye kufuli, ambazo hufunguliwa wiki mbili tu za Desemba, wenyewe wanapokuja kula Krismasi na wazazi. Baadhi zimejengwa na ndugu zetu walio Dar es Salaam, na nyingine tumezijenga sisi tulioishi ng'ambo. Nazipenda nyumba hizo, na mimi mwenyewe ninayo moja. Hata hivyo, miaka 21 niliyofanya kazi ya uuguzi Uingereza, pamoja na miaka niliyokaa hapa Moshi tangu nirudi, imenionyesha kwamba nyumba isiyo na mpangaji haimlishi mzee. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Moshi au Arusha anayeishi nje kwa muda mrefu na anayetaka, siku atakaporudi, awe na kipato kinachoingia kila mwezi, na si jengo peke yake.

Hatua ya 1: Amua utazeekea wapi na utatumia sarafu gani

Uamuzi huu unatangulia mengine yote, kwa sababu akiba nzuri ni ile iliyo katika sarafu utakayoitumia. Chukua karatasi, uandike matumizi unayotarajia ukiwa na miaka 65: chakula, umeme, mfanyakazi wa nyumbani, matibabu, ada za wajukuu, tiketi za kwenda kuwaona watoto waliobaki nje. Mbele ya kila tumizi andika sarafu yake. Utakuta kwamba kwa anayerudi, sehemu kubwa ni shilingi, na sehemu ndogo isiyoepukika ni pauni, dola au yuro.

Shilingi isikutishe kupita kiasi wala isikuvutie kupita kiasi. Mwaka 2005 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,100. Mwaka 2015 ikavuka 2,000. Na tangu mwaka 2023 imekuwa ikipanda na kushuka kati ya takribani 2,300 na 2,700. Aliyeweka kila kitu katika shilingi mwaka 2005 alipoteza uwezo wa kununua vitu vya nje, na aliyekataa kabisa kuwekeza nyumbani alikosa riba kubwa ambayo nchi za nje hazikuwa nazo. Mimi nilianza kuhamisha akiba nyumbani kidogo kidogo miaka 10 kabla ya kurudi, kiasi kilekile kila robo mwaka, bila kusubiri siku ya bei nzuri ya ubadilishaji, na ndivyo ninavyomshauri kila anayeniuliza.

Hatua ya 2: Kusanya haki zako za pensheni katika kila nchi uliyofanyia kazi

Hapa ndipo fedha nyingi za ndugu zetu hupotea, si kwa kuibiwa bali kwa kusahauliwa. Fungua faili moja kwa kila nchi. Ndani yake weka namba yako ya hifadhi ya jamii, barua za ajira, hati za mishahara ya mwisho wa mwaka, na jina la kila mfuko uliowahi kukatwa mchango, hata kama ulikaa kwa mwajiri huyo miezi minane tu.

Uingereza, pensheni mpya ya serikali hudai angalau miaka 10 ya michango ili upate chochote, na miaka 35 ili uipate kamili. Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, kwa hiyo kila mwaka wa mchango ulikuwa na thamani ya takribani pauni 6.58 kwa wiki, na mtu mwenye miaka 21 angeweza kutarajia kama pauni 138. Umri wa kuipokea ni miaka 66, na unapanda hadi 67 kati ya mwaka 2026 na 2028. Pensheni hiyo hulipwa hata ukiwa Tanzania, lakini kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha kurudi: kwa mstaafu anayeishi Tanzania kiwango hugandishwa. Kiasi unachoanza nacho ndicho utakachopokea miaka 20 baadaye, wakati mwenzako aliyebaki Manchester anaongezewa kila Aprili. Kwa hiyo usiifanye iwe nguzo pekee ya nyumba yako. Ihesabu kama fedha ambayo uwezo wake unapungua kila mwaka.

Mbali na hiyo ipo pensheni ya kazini. Tangu mwaka 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimika kuwaandikisha wafanyakazi, na mchango wa chini sasa ni asilimia 8 ya mshahara unaohesabika, ikiwamo asilimia 3 ya mwajiri. Kujitoa ili upate hela zaidi ya kutuma nyumbani ni kukataa sehemu ya mshahara wako. Nawaambia hivi vijana kwa uchungu, kwa sababu nilifanya kazi na watu waliojitoa kwa miaka kumi ili wamalize nyumba ya kijijini. Fedha hiyo kwa kawaida haiguswi kabla ya miaka 55, na kuanzia Aprili 2028 kabla ya 57. Akija mtu akakuahidi kuitoa mapema zaidi, mkimbie: malipo yasiyoruhusiwa hutozwa kodi inayoweza kufika asilimia 55, na mara nyingi aliyekuahidi huwa ameshaondoka na fungu lake.

Ujerumani hudai miezi 60 ya michango. Raia wa nje ya Ulaya aliyechangia chini ya hapo anaweza kurudishiwa michango yake baada ya miezi 24 tangu aondoke, lakini anarudishiwa sehemu yake tu na ile ya mwajiri inabaki kule. Mwenye miezi 50 na uwezo wa kuendelea na kazi, ninamshauri amalize 60.

Marekani hudai pointi 40 za kazi ili upate pensheni ya serikali, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, ndiyo maana watu husema miaka kumi. Ukitoa fedha za 401(k), yaani mfuko wa akiba ya uzeeni wa kazini, kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, kwa kawaida utalipa faini ya asilimia 10 juu ya kodi. Nchi za Ghuba ni tofauti kabisa. Katika Falme za Kiarabu mgeni kwa kawaida hupata kiinua mgongo cha mara moja tu, mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa mitano ya kwanza na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, wala hakuna pensheni ya mwezi. Ndugu aliye Dubai anapaswa kujiwekea mwenyewe tangu mshahara wa kwanza.

Usisahau miaka uliyofanya kazi hapa kabla ya kuondoka. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa kuwa PSSSF kwa watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Pensheni ya mwezi huhitaji michango ya miezi 180. Ukija likizo, pita ofisini kwao Moshi au Arusha na kitambulisho chako, uombe taarifa ya michango, na uulize masharti ya kuchangia kwa hiari kama miezi yako imebaki michache. Kwa jirani zetu Wakenya na Waganda waliokaa Arusha miaka mingi, kumbukeni kwamba NSSF za nchi zetu tatu zina jina moja lakini ni mifuko mitatu tofauti, na kila mmoja hutunza hesabu zake.

Jambo dogo linaloangusha wengi ni anuani. Walipaji wa pensheni wa nje hutuma mara kwa mara fomu ya kuthibitisha kwamba bado uko hai, na isiporudi malipo husimama. Chukua sanduku lako mwenyewe la posta. Usitumie la shule uliyosoma wala la ofisi ya shemeji.

Hatua ya 3: Jua unakolipa kodi

Kwa sheria ya Tanzania, unaweza kuhesabiwa mkaazi wa kikodi ukikaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Vilevile ukikaa kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huo na miwili iliyotangulia. Au ukiwa na makazi ya kudumu hapa na ukawapo nchini sehemu yoyote ya mwaka. Lile sharti la mwisho ndilo linalowagusa wenye zile nyumba za Desemba. Mkaazi hutozwa kodi kwa mapato ya dunia nzima, isipokuwa yule ambaye ukaazi wake wote haujazidi miaka miwili, ambaye hutozwa kwa mapato ya Tanzania pekee.

Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi chache, zikiwamo Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo. Aliyetoka huko hutegemea nafuu inayotolewa na sheria zetu kwa kodi iliyokwisha kulipwa nje, na nafuu hiyo huhitaji risiti. Tunza kila hati ya kodi.

Mwenye uraia au kadi ya kijani ya Marekani ana mzigo wa ziada. Anatakiwa kuripoti akaunti zake zote za nje kila mwaka ambao jumla yake ilizidi dola 10,000, hata kwa siku moja, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya nje, kama ile ya UTT nitakayoieleza, hutozwa na Marekani kwa utaratibu mkali na mgumu kuujaza. Kwake yeye hatifungani (mikopo ambayo mtu huipa serikali au kampuni kwa riba) anazozimiliki moja kwa moja na amana za benki huwa na usumbufu mdogo zaidi.

Hatua ya 4: Weka mpaka wa fedha za familia

Sitakuambia uache kutuma. Mama yangu alitibiwa KCMC kwa fedha niliyotuma, na sijutii hata senti. Ninachokuomba ni kwamba ukoo uwe na fungu lake katika bajeti, lenye kiasi kinachojulikana, tofauti na akiba ya dharura yako mwenyewe na tofauti kabisa na fungu la uzeeni. Ada za shule na dawa za wazazi ziingie humo kwanza. Harusi, ubatizo na ujenzi wa wengine vipate kinachobaki. Fungu likiisha mwezi huo, sema limeisha, na useme kwa upole na mapema. Wazee wetu huelewa neno la kweli kuliko simu isiyopokelewa.

Hatua ya 5: Jenga kipato cha shilingi

Anza na TIN (namba ya mlipakodi), kitambulisho cha taifa cha NIDA na akaunti ya benki. Benki kadhaa zina akaunti maalumu za diaspora zinazofunguliwa ukiwa nje. Kumbuka kwamba Bodi ya Bima ya Amana hulinda hadi shilingi 7,500,000 tu kwa mteja katika benki moja, kwa hiyo akaunti ni njia ya kupitishia fedha, si ghala.

Ngazi ya kwanza ni vipande vya UTT AMIS, mifuko ya pamoja iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005. Mfuko wa Ukwasi unafaa kwa fedha ya dharura kwa sababu unatoka ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hatifungani, ulioanzishwa mwaka 2019, una mpango wa kukuza mtaji unaoanza na shilingi 50,000, na mpango wa gawio la kila mwezi unaoanza na shilingi milioni 10. Kwa mstaafu aliyezoea mshahara, gawio la mwezi lina faraja yake.

Ngazi ya pili, ambayo mimi naipa uzito kuliko zote, ni hatifungani za serikali. Huuzwa na Benki Kuu kwa mnada, kuanzia shilingi milioni moja, kupitia benki yako au wakala wa soko la hisa, ambaye atakufungulia akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kutunzia hatifungani na hisa zako. Muda wake hufika miaka 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata zilizotolewa mpya zilishushwa hadi 12.56. Aliyenunua mapema anaendelea kupokea 15.95 yake hadi mwisho, na hilo ndilo fundisho: riba hufungwa siku unaponunua.

Tufanye hesabu kwa asilimia 12.56. Ukitaka wastani wa shilingi 600,000 kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka, unahitaji hatifungani za takribani milioni 57.3. Sasa chukua nyumba uliyoijenga kwa milioni 120 na kuipangisha kwa 350,000 kwa mwezi: hiyo ni milioni 4.2 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.5, kabla ya rangi, mabomba na miezi isiyo na mpangaji. Ni kweli kwamba kiwanja hupanda thamani na kwamba mfumuko wa bei huila riba. Kwa sababu hiyo usiitumie riba yote. Theluthi yake irudishe kununua nyingine. Ukinunua pia katika minada ya miezi tofauti, utapata riba karibu kila mwezi badala ya mara mbili kwa mwaka.

Hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam ni za fedha ambayo hutaihitaji kwa miaka mingi. SACCOS (vyama vya kuweka na kukopa) nzuri zipo, na mkoa wetu una historia ndefu ya ushirika tangu KNCU, chama cha wakulima wa kahawa, ya mwaka 1933, lakini hakikisha ina leseni na uhudhurie angalau mkutano mkuu mmoja kabla ya kuingiza fedha kubwa.

Hatua ya 6: Ardhi na nyumba, kwa mpangilio

Mwaka 2009 nilinunua kiwanja nje kidogo ya mji kwa kuangalia picha nilizotumiwa kwenye simu. Nilipokuja likizo nilikuta msingi wa mtu mwingine, naye alikuwa na karatasi za tarehe ya kabla ya zangu. Fedha haikurudi. Tangu siku hiyo sijui njia nyingine isipokuwa hii: omba upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote, zungumza na majirani wa mipaka yote minne, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, mtumie wakili wako na si wa muuzaji, na ulipe kwa benki ili alama ibaki.

Kuhusu kihamba, yaani shamba la ukoo, nasema kwa heshima ya wazee. Kihamba ni mahali pa kuzikwa na pa kukutania. Si rasilimali ya kuuza. Hata ukijenga nyumba ya milioni 200 juu yake, ukoo hautaruhusu iuzwe kwa mgeni, na mara nyingi eneo halina hati ya jina lako. Jenga hapo nyumba ya kukutosha na kuwapa wazazi hifadhi, na nyumba ya biashara ipeleke kwenye kiwanja chenye hati, mahali penye wapangaji: karibu na vyuo na hospitali Moshi, au maeneo kama Njiro na Sakina kwa upande wa Arusha. Arusha wengi walizoea kupangisha kwa dola, lakini kanuni za Machi 2025 zimezuia kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo piga hesabu za kodi ya nyumba kwa shilingi tangu mwanzo.

Kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu mwaka 2021. Mapato ya pango nayo yana kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujapokea fedha), asilimia 10 kwa mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi. Unapoishi nje uangalie ni ipi inayokuhusu.

Uraia hubadilisha yote haya. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yameweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, yakigusa pia ardhi. Kabla ya kula kiapo cha nchi nyingine, kaa na wakili juu ya kila kiwanja chenye jina lako.

Hatua ya 7: Afya

Bima ya nje haikufuati. Medicare ya Marekani, kwa mfano, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi hiyo. Tafuta bima ya hapa kabla ya kurudi ukiwa na afya njema, na weka fungu la fedha za kigeni kwa matibabu yatakayozidi uwezo wa KCMC au hospitali za Arusha.

Hatua ya 8: Wosia na mwakilishi

Andika wosia mmoja kwa mali za hapa na mwingine kwa mali za nje, na mwanasheria ahakikishe hakuna unaoufuta mwenzake. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kuhifadhi wosia. Mifuko mingi ya pensheni ya nje hulipa kwa kuangalia jina uliloandika kwenye fomu ya mnufaika. Nimeona mjane akihangaika kwa sababu fomu ya mwaka 2003 ilikuwa bado ina jina la kaka wa marehemu. Anayekusimamia hapa nyumbani mpe hati ya uwakili inayotaja kazi moja na tarehe ya kwisha, isajiliwe kama inahusu ardhi, wala isiwe ya kila kitu hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Hatua ya 9: Miaka mitano ya mwisho

Mwaka wa kwanza, omba makadirio ya pensheni kutoka kila nchi. Wa pili, jaza mapengo ya michango yanayoruhusiwa. Wa tatu, njoo ukae miezi mitatu mfululizo isiyo na Desemba, uandike kila shilingi unayotumia. Mimi nilifanya hivyo na bajeti yangu ikapanda kwa theluthi. Wa nne, hamisha sehemu iliyobaki ya akiba ya shilingi na uanze kuishi kwa kiasi kile utakachopokea. Wa tano, wajulishe walipaji wote anuani mpya, uache akaunti moja ya benki ikiwa wazi kule unakotoka, na kabla ya kupanda ndege ya kuja KIA hakikisha namba ya simu inayopokea ujumbe wa siri wa benki hiyo itaendelea kufanya kazi ukiwa Moshi.